Springi imeshaingia bustanini, tokeni nje muangalie chini

Jamani nimefurahi mno wiki hii, springi imefika, yani ule msimu baridi inaisha na mimea inaanza kuchipua. Yani kama upo huku Uingereza na bado umejifungia ndani, pazia umeshusha, unajua winta bado ipo ipo tu, nakuomba vaa koti utoke nyuma ya nyumba hata dakika tano uangalie chini. Usiangalie juu kwenye miti, miti mingi bado mikavu vilevile kama ilivyokuwa Christmas. Angalia kwenye udongo, pembeni ya uzio, chini ya vichaka. Kila kitu kinaanzia huko chini na kinaanza mapema kuliko watu wanavyodhani, mi naanza kuziona dalili tangu mwisho wa January wakati kila mtu bado analalamika.

Sisi tuko Leicester, kabustani ketu ni kadogo tu ka nyuma ya nyumba, nyumba zenyewe zile za kuungana mstari mzima, upande mmoja ukuta wa matofali, upande wa pili uzio wa mbao tunaochangia na jirani, mwisho kabisa banda la vifaa na pipa la kukingia maji ya mvua. Hapo hapo nimebananisha vitunguu saumu, sukuma wiki, maua, na kona moja nimeiacha majani yaoze yenyewe wadudu wapate pa kulala. Nimezaliwa Njombe nikakulia shambani, siwezi kukaa mahali sigusi udongo nikawa mzima.

Watu wakisikia natoka Tanzania wanadhani baridi ndo inayonitesa. Baridi naijua! Njombe mwezi wa sita na wa saba sakitu inaanguka asubuhi majani yote meupe, viazi vinaungua, tunaota moto jikoni na masweta mawili mawili. Kinachonitesa huku ni giza. December hapa jua linatoka saa 2 na robo asubuhi alafu saa 10 kasoro jioni limeshazama, mchana mzima haufiki masaa 8, na hayo yenyewe mara nyingi ni mawingu ya kijivu mwanzo mwisho. Nyumbani tofauti kati ya siku ndefu kabisa na fupi kabisa kwa mwaka mzima ni kama lisaa limoja tu, huwezi hata kugundua. Kwahiyo mtu aliyezoea jua la kuaminika, linalochomoza na kuzama muda uleule miaka nenda rudi, ukimleta huku anapitia kitu ambacho mwili wake haukijui kabisa, na ndo maana nikiona kaua kadogo keupe kamechomoza kwenye tope nasimama pale naongea nako.

Hako kaua keupe ndo ka kwanza. Wanaita snodropu. Kafupi, kameinamisha kichwa, kana petali tatu ndefu kwa nje na tatu fupi kwa ndani zenye alama ya kijani. Kanatoka January mwishoni hadi February, wakati mwingine theluji bado ipo chini na kenyewe kanaipenya. Usiku ikipiga baridi kali asubuhi utakakuta kamelala chini chote, unasema basi kamekufa, saa 5 jua likipasha kidogo kanasimama tena wima kama hakujatokea kitu. Nimeshakaangalia mara nyingi kakifanya hivo na bado kila mwaka naenda kuhakikisha.

Alafu zikafuata krokasi, hizi sasa ndo zimejaa sahivi, zambarau na njano na nyeupe zenye michirizi. Krokasi ina tabia moja naipenda sana, jua likiwaka inafunguka yote, wingu likipita na kaubaridi kakaja inajifunga, kwahiyo ukitoka asubuhi unaona vitu vyembamba vimefumba, saa 7 mchana unakuta uwanja mzima umefunguka na ndani kuna rangi ya chungwa inawaka. Wale mnaopika biriani, zafarani yetu inatoka kwenye krokasi, zile nyuzi tatu nyekundu za katikati, ila sio hizi za springi, tafadhali msichume hizi mkatia kwenye wali. Ya zafarani ni aina nyingine na inachanua vuli, huku yani kama October hivi. Na waingereza wenyewe waliwahi kuilima, kuna mji Essex unaitwa Saffron Walden, jina lake limetokana na hicho kilimo, mi nilivyojua hilo nikaishangaa sana hii nchi, tunaidharau kwa mvua yake kumbe ililima zafarani.

Za tatu ni dafodili, zile njano zenye kikombe katikati. Hizi bado kidogo, kwangu zimeshatoa vichwa ila zimefumba, zilizo barabarani kwenye jua zimeshafunguka. Hapa niongee kwa msisitizo hasa kwa wageni na wenye watoto: dafodili ina sumu. Kile kitunguu chake cha chini kinafanana kabisa na kitunguu cha mboga, na majani yake machanga yanafanana na majani ya vitunguu yale tunayokatia kwenye chipsi mayai na supu, watu wameshaumwa kwa kuchanganya. Usiviweke jikoni karibu na vitunguu vya kupikia, usivipande kwenye tuta moja na mboga. Ila hiyohiyo sumu ina ndugu yake wa dawa, kuna dawa inaitwa galantamini wanayopewa wagonjwa wa Alzheimer, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, inapatikana humo kwenye dafodili na snodropu, huko Wales kuna watu wanalima dafodili milimani kwa ajili hiyo.

Sasa swali ambalo mdogo wangu aliniuliza nilivyomtumia picha, hivi hayo maua yanajuaje kwamba ni muda wa kutoka? Swali zuri na nilimjibu kwa kirefu. Haya yote tunayapanda vuli, September mpaka November, tunafukia vitunguu vyake chini na kuviacha. Kitunguu cha ua ni kama ghala, chakula chote cha kuanzia kipo ndani na ua lenyewe dogo limeshajitengeneza humo linasubiri. Na baridi ndo inayolifungua. Tulipu kwa mfano isipopata wiki nyingi za baridi haitoi ua la maana. Kitunguu saumu hivohivo, tunakipanda October punje moja moja, kinakaa kwenye udongo wa barafu winta nzima, na kisipopata ile baridi mara nyingi kinakua kikubwa ila kinabaki donge moja halijagawanyika punje. Kwahiyo ile miezi ambayo sisi tuko ndani tunalalamika, chini kule kazi ilikuwa inafanyika na baridi ndo ilikuwa fundi. Mi kuijua hii kumenibadilisha kabisa namna ninavyoiona winta, kwakweli.

Na sio kitu kigeni kwetu, nikamkumbusha mdogo wangu Kitulo. Nani ameshafika Kitulo? Ile nyanda ya juu kule Makete, watu wanaiita Bustani ya Mungu, mita karibu 2,600 juu, kiangazi ni nyasi kavu na upepo tu, alafu mvua ikishika kuanzia November ardhi nzima inatoa maua mpaka huko April. Okidi zake nazo zinakaa chini kwenye viazi vyake vidogo zinasubiri, ila zenyewe zinasubiri mvua badala ya baridi na mwanga. Vile viazi watu walikuwa wanavichimba wanavipeleka Zambia kutengenezea chakula kinaitwa chikanda, ilikuwa inamaliza okidi kabisa, hiyo ni moja ya sababu pakalindwa, mwaka 2005 ikawa hifadhi ya taifa. Nikiinama hapa Leicester kuangalia krokasi huwa naiwaza Kitulo moja kwa moja, ni ardhi mbili tofauti kabisa zenye akili ileile.

Turudi bustanini. Jumamosi jua lilitoka la maana, nikasikia mngurumo chini chini karibu na krokasi, nikajua ameshafika. Malkia wa nyuki! Sio hawa nyuki wa asali wa kawaida, ni wale wakubwa wa manyoya, wanene, mweusi na njano na makalio meupe meupe. Afrika yetu ya kusini mwa Sahara hawa hawapo, ukiona kwetu nyuki mkubwa mnene ni yule anayetoboa mbao za paa. Huyu wa huku kundi lake lote la mwaka jana limekufa, amebaki yeye tu, amelala peke yake kwenye shimo la udongo winta nzima akiwa ameshapandwa na dume tangu mwaka jana, na sasa ametoka na njaa. Kabla ya kuruka inabidi atetemeshe misuli ya mabawa mpaka mwili ufike joto la nyuzi 30 hivi, ndo maana unamkuta amekaa kwenye ua anatetemeka, watu wanadhani anaumwa kumbe anajipasha. Hapo akipata chakula atatafuta tundu, mara nyingi la panya aliyehama, ataanza familia mpya kutoka sifuri peke yake. Akikosa chakula siku hizo chache ndo basi, nyuki wote wa kiangazi ambao wangechavusha nyanya zangu na maharage hawapo. Kwahiyo naombeni sana, kama una nafasi hata chungu kimoja cha ua mlangoni weka kitu kinachochanua February na March. Na ukimkuta malkia ameishiwa nguvu chini kwenye sakafu, mwekee tone la maji ya sukari karibu na mdomo, alafu mhamishie kwenye ua.

Ndege nao wameanza. Jioni kuna ndege mmoja mweusi mdomo rangi ya chungwa, dume, anapanda juu ya bomba la moshi la jirani anaimba sauti nzito taratibu, anaanza February na giza likianza kuingia ndo anachanganya. Naacha vyombo kwenye sinki natoka kumsikiliza. Mbayuwayu bado, wenyewe wanafika April, na hao nawasubiri kwa hamu ya pekee maana wanatoka kwetu, yani Afrika. Zamani watu wa huku hawakuwa na uhakika wanaenda wapi winta. Mwaka 1911 huko Staffordshire, sio mbali na hapa, mbayuwayu mmoja alivishwa pete mguuni, December 1912 akakamatwa Natal, Afrika Kusini, ndo ikathibitika. Hebu fikiria, kandege ka gramu 20 tu, kanavuka jangwa la Sahara kwenda na kurudi kila mwaka, alafu kanarudi kwenye banda lilelile. Mtu aliyeacha kwao akaja huku anamwelewa mbayuwayu bila kufundishwa.

Upande wa pili wa uzio kuna mama mmoja mhindi, mtu mzima sana, yeye ndo mwalimu wangu wa bustani ya huku na tunaongea Kiswahili! Amezaliwa Jinja, akaja na wazazi wake 1972 Idi Amin alivyowafukuza. Leicester wakati ule haikuwataka, halmashauri ya mji iliweka mpaka tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasije, na wakaja hivohivo na leo mji huu ukiwatoa wao sijui utabaki nini. Mama huyu dalili yake ya springi ni dirisha lake la jikoni, ukiona ameweka trei za uwatu pale ujue imefika. Anaupanda mzito, akishatoa majani mawili matatu anakata na mkasi anapika na viazi, na kibakuli kimoja lazima kipite juu ya uzio kuja kwangu. Juzi ameniona nimetoa miche ya nyanya kuotesha jua akaniambia, "Binti, jua la March ni la macho, si la mimea. Rudisha ndani." Nikarudisha, mkubwa akisema hivo unarudisha.

Na ana haki. Sehemu zetu hizi sakitu inaweza kupiga mpaka katikati ya May, mchana unavaa tisheti alafu usiku majani yote yanaungua. Mboga zetu za joto, mchicha, maboga, maharage, hazitaki kabisa mchezo huo. Kinachoweza kukaa nje sahivi ni kitunguu saumu, kwangu kimeshafika urefu wa kiganja na majani yamesimama yamependeza, njegere, na yale maharage makubwa mapana ya huku, yana roho ngumu. Viazi bado viko ndani, nimevipanga kwenye trei za mayai dirishani macho yakiangalia juu vichipue kidogo kabla ya kufukiwa mwisho wa mwezi, viazi vya mapema hivyo, mtu wa Njombe usipopanda viazi unajisikia umemkosea babu.

Sukuma wiki ndo mboga iliyonishikilia winta yote. Baridi ikiipiga inakuwa tamu, yenyewe inajikinga kwa kugeuza wanga kuwa sukari, ile ya January ni tamu kuliko ya August, jaribuni mtaniambia. Sahivi mchana unavyorefuka imeanza kupandisha shina katikati inataka kutoa maua, na watu wengi hapo ndo wanang'oa wanatupa. Msing'oe! Vile vichwa vya maua kabla havijafunguka vikate na kikonyo chake laini, kaanga na kitunguu na nyanya kidogo, ni vitamu ajabu, na ukivikata vinatoa vingine pembeni. Vichache vya mwisho viache vifunguke njano, nyuki wanavipenda. Kisha itakuja ile April na May ambayo wakulima wa hapa wanaiita pengo la njaa, bustani yote kijani inavutia macho lakini hakuna cha kuvuna, mboga za winta zimeisha na mpya hazijawa. Mama yangu namwelezea hilo kwenye simu anacheka anasema kumbe na wazungu wana January yao, maana kwetu miezi hiyo ya mwanzo wa mwaka ghala linakuwa limeisha na mahindi shambani bado. Yeye sasahivi mahindi yake yamebeba, ananiambia mvua ipo nzuri.

Kitu ninachokisubiri zaidi ni wiki ijayo, tarehe 20. Siku hiyo mchana na usiku vinakaribia kulingana dunia nzima, Njombe na Leicester na kila mahali. Hapa jua litachomoza saa 12 na dakika kama kumi na litazama saa 12 na dakika kama ishirini jioni. Yani saa 12 inakuwa saa 12 kweli! Saa yetu ya Kiswahili ambayo December huku haina maana yoyote, asubuhi saa 1 giza totoro, jioni saa 11 giza totoro, siku hiyo inakaa sawasawa na jua. Najua watu wa hali ya hewa huku wao wanahesabu springi tarehe 1 March kwa urahisi wa hesabu zao, sawa, ila mi yangu ni hiyo ya 20. Kipindi hiki kila siku inaongezeka dakika kama 4 za mwanga, wiki ni karibu nusu saa, unaiona kwa macho, jana nilikuwa napalilia saa ambayo wiki mbili nyuma ningehitaji tochi. Alafu Jumapili ya mwisho ya mwezi wanasogeza saa mbele na hesabu yangu nzuri yote inaharibika, ila jioni zinakuwa ndefu kwahiyo nawasamehe.

Haya yote nayaandika kwenye daftari, snodropu ya kwanza, malkia wa kwanza, siku chura alivyotaga kwenye beseni la maji la jirani. Kuna bwana mmoja Norfolk, Robert Marsham, alianza kuandika hivyohivyo mwaka 1736, ua la kwanza, jani la kwanza la mwaloni, mbayuwayu wa kwanza, na alivyokufa watoto na wajukuu na vitukuu wakaendelea mpaka 1958! Zaidi ya miaka 200 familia moja. Kumbukumbu za watu wa namna hiyo, watu wa kawaida na madaftari yao, ndo zilizowasaidia watafiti wa Cambridge mwaka 2022 kuonyesha kwamba mimea ya Uingereza sasa inachanua karibu mwezi mzima mapema kuliko kabla ya miaka ya 80 katikati. Hiyo inanifurahisha na inaniumiza kwa pamoja, maana ua likiwahi na sakitu ikaja nyuma yake ndo matunda ya mwaka yamekwenda, na malkia akitoka maua yameshapita atakula nini. Kwahiyo anzeni madaftari yenu, tarehe na ulichoona basi inatosha, kiandike kwa Kiswahili tu.

Kesho nikipata muda nasafisha lile tuta la kwenye ukuta wa matofali, ndo linalopata jua zaidi, mchicha utakaa hapo. Mbegu alinitumia shangazi kwenye bahasha, za mchicha wa majani mapana. Nitaziotesha ndani April mwishoni, zitatoka nje sakitu ikishaisha kabisa na Mama wa Jinja akisema sawa.